Supu ya Wifi

Jumatatu, Machi 9
Muuguzi wa kliniki ameniambia niandike kila siku anachokula mtoto, niende nacho tukikutana tena. Haya, naandika. Asubuhi: vijiko viwili vya uji, kimoja kikarudi. Mchana: ndizi, kailamba kaitupa. Jioni: kanyonya kidogo, kalala na ziwa mdomoni. Mvua imeanza leo kwa nguvu, na bati letu linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, Machi 10
Uji, kijiko kimoja. Nimeimba nyimbo zote ninazozijua na mbili nisizozijua.

Alhamisi, Machi 12
Naona ukurasa ni mkubwa na chakula ni kidogo, basi nitaandika na mengine. Muuguzi atasoma yake, yangu ataruka.

Mwanangu tunamwita Punje kwa sababu alizaliwa mdogo kama punje ya mchele. Sasa anatembea, anasema maneno machache. Kabla ya kuugua alikuwa na mashavu ambayo kila mtu kwenye korido alikuwa anayabana akipita. Kaugua tumbo na homa, kapona, lakini hamu ya kula haikurudi naye. Mashavu yamekwenda. Nikimvua nguo kumwogesha nageuza macho, halafu najilazimisha kuangalia, kwa sababu mama anayegeuza macho atamwona nani?

Tunakaa vyumba viwili vya mwisho wa korido. Kimoja chetu: mimi, Baba Punje na mtoto. Cha pili ni cha dada yake Baba Punje, wifi yangu. Ni fundi cherehani. Mumewe alimwacha kwa sababu hakupata mtoto, akaja hapa na cherehani yake, mabegi mawili na sufuria ya presha. Alikuja kupumzika kidogo. Bado anapumzika. Sisemi kwa ubaya, naandika tu.

Jumapili, Machi 15
Baba Punje anafanya kazi duka la kuku wa kuchoma. Watu wananunua mapaja na vidari. Migongo, shingo na ncha za mabawa zinabaki, na bosi wao anawaruhusu wagawane wakifunga. Jana karudi na mfuko umejaa. Nikasema nitachemsha supu, maana muuguzi alisema supu ya mifupa inamrudisha mtu.

Wifi kachomoza kichwa mlangoni. "Kwa mkaa huo uliolowa? Mtoto atainywa akiwa ameshaolewa. Lete hapa."

Sufuria yake ni nzito kama jiwe. Mfuniko unazungushwa mpaka unajifunga, una mpira wa duara unaoziba mvuke usitoke pembeni, na juu kuna kizito kidogo kinachoachia mvuke na kupiga filimbi. Akatia mifupa, kitunguu, karoti, punje za vitunguu saumu, chumvi kidogo, maji yasiyofika juu. Kisha akakamua nusu ya ndimu.

"Ndimu ya nini, wifi?"

"Inaushawishi mfupa utoe siri zake."

Akafunga, akawasha gesi, akarudi kwenye cherehani. Sufuria ilipoanza kupiga filimbi, Punje akacheka. Mwanangu hajacheka tangu augue. Kacheka na sufuria ya mtu.

Mifupa ilitoka laini, unaivunja kwa vidole kama biskuti. Supu ikachujwa, ikapoa. Punje kakaa sakafuni karibu na miguu ya shangazi yake, juu ya vipande vya nguo vinavyoanguka, kanywa kikombe kizima.

Kizima.

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru wifi kwa mdomo wangu wote. Halafu nikatoka kwenda kuanua nguo. Nimefika kambani ndipo nikakumbuka mvua inanyesha na sikuanika kitu.

Jumatano, Machi 18
Supu, kikombe. Kwa wifi. Uji wangu, hapana.

Ijumaa, Machi 20
Leo nimechukua supu ileile ya sufuria ileile, nikaimimina kwenye kikombe kilekile, nikampa chumbani kwetu. Kageuza uso ukutani. Nimefanya kijiko kuwa ndege. Nimefanya kijiko kuwa gari. Nimelia kidogo. Mdomo umefungwa kama benki siku ya Jumapili. Nikambeba mpaka kwa wifi, na kabla sijamweka chini kashanyoosha mikono anataka kikombe.

"Mama anakuonea, eti?" wifi kamwambia. "Njoo kwa shangazi."

Ni utani, najua ni utani. Lakini kuna utani ukiung'oa unabaki na mwiba ndani.

Na Baba Punje akirudi kazini ndiyo usiseme. Anasimama mlangoni kwa dada yake anakunywa iliyobaki, anajipangusa midomo. "Dada, mikono yako ina baraka." Na yangu ina nini, upele?

Jumamosi, Machi 21
Mvua. Supu. Sina la kuandika, au ninalo jingi mno.

Jumanne, Machi 24
Leo nilipika mwenyewe. Niliomba mifupa nusu, nikaweka sufuria yangu kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi. Mkaa umelowa, unatoa moshi tu. Nimepepea mpaka bega likafa ganzi. Jirani muuza mkaa kapita na ndoo yake, kaniangalia weee, kisha akasema, "Mama Punje, nasikia siku hizi mwanao ana mama wawili. Bahati iliyoje!" Huyu ndiye aliyeniuzia mkaa wenyewe.

Jioni mifupa bado migumu, supu ina rangi ya maji ya kuoshea vyombo na harufu ya moshi. Punje kainusa, kapiga chafya. Nikainywa yote mwenyewe kwa ukaidi. Tumbo linanisokota ninavyoandika.

Kikombe cha jioni kakipata kwa wifi.

Jumatatu, Machi 30
Punje kamwita wifi "mama."

"Siyo mama, sema shangazi," wifi kamwambia. Kamsahihisha, ni kweli. Lakini alitabasamu kwanza. Kati ya tabasamu na masahihisho pangepita lori.

Nimekwenda kujitazama kwenye kioo. Nikasema moyoni, wewe, unamwonea wivu mwanamke aliyeachwa, kwa sababu ya maji ya mifupa. Nikaona aibu. Aibu ikakaa kidogo ikaondoka, wivu ukabaki peke yake kama mwenye nyumba.

Mashavu yanaanza kurudi. Hilo nalo niandike.

Alhamisi, Aprili 2
Leo wamenikalisha. Baba Punje kaanza kusugua magoti, nikajua kuna jambo.

Wifi amepata kazi. Ni kiwanda cha kushona sare za shule, mji mwingine, safari ya siku nzima. Ataondoka mvua zikipungua, barabara ikipitika. Nikasema hongera, na nilimaanisha. Moyo wangu ulipiga vigelegele, Mungu anisamehe.

Kisha Baba Punje akasema, "Tulikuwa tunafikiri. Dada aende na Punje. Kwa muda tu, mpaka apate nguvu. Maana hapa akiondoka dada, mtoto atakula nini?"

"Tulikuwa tunafikiri," nikasema. "Mlikuwa akina nani?"

Wifi ndiye aliyejibu, taratibu, macho yakiwa kwenye mikono yake. "Wifi, sikunyang'anyi. Mtoto anakula kwangu. Unaona mwenyewe."

Nami nikasema neno. Naliandika kwa sababu nikiliacha litaniwasha. Nilisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Wifi aliinuka, akakunja kitambaa kilichokuwa mapajani, akatoka. Hakuubamiza mlango. Angeubamiza ningejisikia nafuu. Na mtu aliyejua kwamba wifi yake hajazaa, kwamba ndiyo sababu aliachwa, kisha akachagua neno hilo kati ya maneno yote, ni mimi.

Baba Punje kaniambia, "Umefika mbali." Nikamwambia nyinyi ndio mnaotaka kufika mbali, na mwanangu.

Jumamosi, Aprili 4
Huu ukurasa muuguzi asiusome.

Wifi alikwenda kupeleka gauni kwa mteja. Niliingia kuchukua kikombe cha Punje. Sufuria ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa, mfuniko pembeni, na ule mpira wake umening'inizwa kwenye msumari ukauke. Niliuchukua. Sikufikiri, au nilifikiri haraka. Nimeuzika ndani ya kopo langu la unga.

Bila mpira mvuke unatoka pembeni, filimbi hailii, mifupa haiivi. Itakuwa sufuria kama ya kwangu. Tutakuwa sawa.

Jumapili, Aprili 5
Wifi katafuta mpira chumba kizima. Kahamisha cherehani, kakung'uta mabegi. "Nimezeeka mimi. Niliuweka pale pale."

Nikamsaidia kutafuta. Niliinama mpaka chini ya kitanda chake, shavu sakafuni, nikitafuta kitu nilichojua kilipo.

Punje: maji. Kipande cha mkate, kakitema.

Jumatatu, Aprili 6
Punje kasimama mbele ya sufuria, kapiga filimbi kwa mdomo, "Fiii! Fiii!" Anaiita. Supu hakuna. Uji hataki, ziwa anagusa tu. Kalala mchana mzima. Nimeketi karibu naye, kopo la unga liko rafuni mbele ya macho yangu, na sikuinuka. Bado siku moja tu, nilijiambia. Atazoea changu.

Jumanne, Aprili 7
Tuko wazima wote. Naanza na hilo.

Nilikuwa naosha vyombo kwenye korido, mvua inamwagika upande. Nikasikia sufuria ya wifi, lakini si kwa filimbi yake. Ilikuwa inasonya kama mtu mwenye dharau, fsss, fsss. Kisha ikanyamaza.

"Wifi, unapika nini?" nikapaza sauti.

"Supu! Nimepata dawa ya ule mpira. Tyubu ya baiskeli! Nimeikata, nimeishona mwenyewe, ufundi ni ufundi. Ilikuwa inapumua pembeni, sasa nimeinyamazisha."

Nikachungulia. Moto umewashwa mpaka mwisho. Juu ya mfuniko, juu kabisa ya kile kizito cha filimbi, kuna tofali. Tofali zima, lile linalozuia mlango wake usipigwe na upepo. Wifi kapinda mgongo kwenye cherehani, na Punje kakaa kwenye vipande vyake vya nguo karibu na jiko, uso umeinuka, anangoja filimbi ilie.

Sijui nilivukaje chumba. Najua mkono mmoja ulimshika mtoto kwapani na mwingine ukazima gesi. Wifi nilimvuta kwa kola mpaka kitambaa kikachanika. "We! We! Una wazimu?" "Tofali, wifi! Tofali!" Tukatoka wote watatu kwenye mvua, miguu peku.

Ndipo ikalia. Sitaki kuandika ilivyolia. Tuliporudi kuchungulia, tyubu ilikuwa imechomoka upande mmoja na kila kitu kilikuwa kimepita hapo. Mifupa ukutani, karoti dirishani, gauni la mteja linatiririka mchuzi. Tofali liko katikati ya sakafu. Vile vipande vya nguo alivyokalia Punje vilikuwa vinafuka mvuke.

Wifi kakaa chini kwenye korido. Kamchukua Punje kwangu, kamkumbatia, anamgusa kichwa, mikono, vidole vya miguu, kimoja kimoja. "Ningekuua. Ningekuua, mama yangu. Na yote haya kwa sababu ya uzembe wangu. Laiti nisingeupoteza ule mpira."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa anajilaumu mwenyewe, ningepona. Lakini nilimwangalia anavyohesabu vidole vya mwanangu na nikaona ni hivyo hivyo ninavyovihesabu mimi.

Nikaenda kwetu, nikarudi na kopo. Nikazamisha mkono kwenye unga, nikautoa mpira.

Aliuangalia. Akaniangalia. "Ulitafuta na mimi," akasema. "Uliinama mpaka chini ya kitanda."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniadhibu mimi, au mtoto?"

Nilikung'uta unga mikononi. Hata sasa, na kalamu mkononi, nalitafuta jibu.

Baba Punje karudi, kasikia yote, kwangu, si kwa dada yake. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Basi, yameisha. Mtoto ataondoka na dada." Nikainama. Aliyeshikwa hana mdomo.

Jumatano, Aprili 8
Nimesugua ukuta wa wifi. Nimefua gauni la mteja mara mbili. Mara moja tulishika ndoo ile ile, tukaiachia wote.

Supu, nusu kikombe. Mpira wa zamani unafanya kazi.

Ijumaa, Aprili 10
Wifi kaja kwetu bila kubisha hodi, kasimama katikati.

"Mtoto mnanikabidhi mimi bila kuniuliza," kamwambia kaka yake. "Wewe umekasirika, lakini aliyekosewa ni mimi. Kwa hiyo hukumu ni yangu au si yangu?"

"Ni yako, dada."

Kanigeukia. "Utapika wewe. Kwenye sufuria yangu, na gesi yangu, kila siku mpaka niondoke. Mimi simpi mtoto kitu tena. Akila mkononi mwako, atabaki. Asipokula, naondoka naye, na hutashika hata pindo la nguo yake. Umekubali?"

Nilimwangalia mwanangu, shingo yake nyembamba. Nikasema nimekubali. Wifi yangu ana haki ya kunichukia, na hata chuki yake ina mizani.

Jumatatu, Aprili 13
Nimejifunza sufuria. Maji yasipite theluthi mbili. Ikianza filimbi punguza moto. Ukizima usiifungue kwa haraka, usiimwagie maji, iache ishuke yenyewe mpaka ukinyanyua kizito mvuke hautoki. Supu yangu ilitoka safi, imepoa imeganda inatetemeka. Hata wifi kaichungulia akasema "Mh." Hiyo "mh" ni kubwa.

Punje kakataa.

Jumanne, Aprili 14
Kakataa. Kijiko kimoja nilimlazimisha, kakimwaga kifuani kwangu.

Jumatano, Aprili 15
Supu ni ile ile! Ndimu ile ile! Basi ni mimi. Tatizo ni mimi. Nimeanza kukunja nguo zake, moja moja. Nimeona afadhali nizikunje sasa kuliko siku ya safari, mbele ya watu. Kama kuishi kwake ni huko, basi aishi huko. Nitakuwa mama wa mtoto aliye mbali, mwenye mashavu.

Ijumaa, Aprili 17
Nilikuwa chumbani kwa wifi, nimepiga magoti mbele ya Punje na kikombe. "Kunywa, mama. Kidogo tu. Kwa ajili ya mama." Wifi alikuwa anashona, mgongo kwetu. Cherehani ikasimama.

"Wifi," akasema bila kugeuka. "Unamwangalia kama askari aliyemkamata mwizi."

"Nimwangalieje?"

"Usimwangalie."

"Nisimwangalie?"

"Tangu augue hujampa kijiko bila kumkodolea macho. Unahesabu akimeza. Akitema unalia. Mtoto gani atakula hivyo? Hata mimi nisingekula." Akanisukumia kwa mguu kopo la vifungo. "Weka kikombe chini. Nichambulie vifungo, vyeupe huku, vyeusi huku. Kaa hapo, mpe mgongo."

Nilitaka kukataa. Kumpa mgongo mwanangu! Lakini niliketi. Nikachambua. Cheupe, cheusi, cheupe. Mikono yangu ilikuwa inatafuta vifungo, masikio yangu yalikuwa nyuma. Kimya. Kimya tena. Nikawaza, kesho nitamalizia kukunja soksi.

Kisha kitu kikaegemea mgongo wangu, chenye joto, kizito kidogo. Alikuwa ameniegemea kama ukuta. Nikasikia: fyo. Fyo. Fyo.

Wifi akarudisha mguu kwenye cherehani. Nilichambua hovyo, vifungo vyeusi vikaingia kwenye vyeupe, sikuviona kwa machozi.

Jumamosi, Aprili 18
Kikombe. Na kifupa laini cha shingo, kakitafuna mwenyewe.

Jumanne, Aprili 21
Kikombe. Mvua inanyesha asubuhi tu sasa. Uji, vijiko vitano, mimi nikitazama dirishani kama mpumbavu.

Jumamosi, Aprili 25
Leo wifi alisahau hukumu yake mwenyewe. Kanyoosha kikombe, "Njoo kwa shangazi." Punje kakiangalia, kacheka, kaja kujikunja nyuma ya mgongo wangu.

"Haya, nenda kwa mama yako," wifi akasema, akacheka pia. Akageukia kazi. Cherehani ikaenda kasi, ikaenda, ikaenda, mshono mrefu kuliko shati lenyewe. Nilipoinuka kuchukua vifungo ndipo nikaona: sindano haina uzi. Alikuwa anashona matundu matupu, na hajui.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Alijua tangu mwanzo kwa nini mtoto anakula kwake. Angenyamaza mpaka siku ya safari, angeondoka naye, na hakuna mtu angemlaumu, hasa mimi. Badala yake amenifundisha namna ya kumnyang'anya.

Nilirudi kwake. "Wifi, lile neno nililosema. La uchungu wa mwana."

"Lilikuwa neno baya," akasema.

"Lilikuwa la uongo pia."

Alitunga uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda. "Hilo la pili ndilo nililokuwa nalisubiri," akasema.

Jumatano, Aprili 29
Kliniki. Muuguzi kamweka Punje kwenye mizani, kasema, "Huyu anapanda vizuri." Kaomba nimwonyeshe nilichoandika. Nikamwambia nimesahau nyumbani. Kilikuwa ndani ya mkoba.

Jumamosi, Mei 2
Wifi kaondoka leo. Barabara imekauka, vumbi la kwanza limeanza.

Nilimsaidia kufunga mizigo. Sufuria kaifunga kwa shuka kama mtoto mchanga. "Ningekuachia," kaniambia, "lakini naipenda mno. Na wewe na vifaa vyangu mnajuana." Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Utachemsha kwenye sufuria yako, mkaa mkavu, moto mdogo tangu asubuhi. Itachukua siku nzima. Utasubiri."

"Nitasubiri."

Baba Punje kabeba cherehani mpaka kituoni. Wifi hakumbeba Punje kwa muda mrefu. Kambusu utosini, kanirudishia haraka, kama mtu anayeshika sufuria iliyotoka motoni. Punje hakuelewa mpaka gari likaondoka. Ndipo akalia, "Angazi! Angazi!" njia nzima mpaka nyumbani, na nyumbani pia. Zamani ningemnyamazisha, ningemwonyesha ndege, paka, chochote, asimlilie mwingine mikononi mwangu. Leo nimemwacha. Machozi yale hayakuwa yangu. Nilimshikilia tu mpaka akayamaliza.

Na wivu? Upo. Nimeusikia humo humo katikati ya kilio, ukijinyoosha. Nimeuambia ukae.

Jumatano, Mei 6
Nimechemsha tangu jua linachomoza, moto mdogo, mkaa mkavu. Nusu ya ndimu. Mchana mfupa ukakubali kuvunjika, si kama biskuti, lakini ukakubali. Nikachuja, nikapoza, nikaweka kikombe sakafuni, nikageuka kuchambua mchele.

Simu ikalia. Ni wifi. Nyuma yake zinanguruma cherehani nyingi, na moja karibu, ya kwake.

"Wifi, habari za huko? Mtoto hajambo? Anakula?" Alijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Ningeweza kusema anakula, tunashukuru, na kubaki na hilo peke yangu. Nilitamani, kidogo.

"Subiri," nikamwambia.

Nikarudisha mkono nyuma bila kugeuka, nikaiweka simu sakafuni karibu na kikombe. Punje alikuwa na kazi. Fyo. Fyo. Fyo. Kule upande wa pili, ile cherehani ya karibu ikanyamaza, ikabaki kimya mpaka kikombe kikaisha.